Bei ya Watu

Jumanne ya ishirini na sita tangu ahamie mjini, Sihaba alipoingia tu soko la Kwamtindi, Binuru muuza unga alimwona tangu langoni, akapiga ukelele ulioshtua hata wauza mkaa wa kule mwisho.

"Haya, shikeni mifuko yenu! Mjakazi wangu kaja! Mtimbo huyo, mla kumbikumbi, leo ataondoka na meza!"

Soko likacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa chembamba kama watu walivyokuwa wembamba, lakini kilikuwa kicheko. Sihaba naye hakukubali kushindwa.

"Nyamaza, Msolwa wewe! Babu yako aliuzwa kwa babu yangu kwa kikombe cha chumvi, na chenji ikarudi!"

"Na hiyo chumvi ilikuwa nusu mchanga, wezi wakubwa!" Binuru akadakia huku anajifuta unga mashavuni. "Njoo hapa nikuone. Mbona umenenepa hivyo? Unakula za nani?"

Watimbo wa milimani na Wasolwa wa bondeni walikuwa watani. Zamani walipigana mpaka wakachoka, ndipo wakakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo watatukanana badala ya kuuana. Mtani wako anakuita mtumwa wake, anakamata kuku wako bila hodi, na siku ukifiwa ndiye anayechimba kaburi na kuwachekesha wafiwa. Sharti ni moja tu: mtani hakasiriki. Ukikasirika mbele za watu, basi, utani umekufa, na ninyi wawili mmekuwa watu baki.

"Kibaba bei gani?" Sihaba aliuliza.

"Mia nne, na unajua ni mia nne, usijitie mgeni hapa."

Binuru akachota unga, akaujaza kibaba mpaka ukafanya kilima, akaumwaga kapuni. Kisha akachota konzi nzima ya nyongeza, akaitupia juu. Kapu likatetemeka kidogo mkononi mwa Sihaba. Lilikuwa limepima.

Kwa macho lilikuwa kapu la ukindu kama makapu mengine, ila kitako chake kilikuwa mizani, na mpini wake ulijua kila kilichoingia. Kwenye ukosi wa gauni la Sihaba kulikuwa na Sikio, kidude kama kishikizo, kimeshonewa kwa uzi wa ofisi ya wadadisi wa bei iliyomtuma, usiokatika ila kwa mkasi wa ofisi. Sikio lilisikia mapatano, kapu likapima, na vyote viwili vikapeleka habari kwenye Mizani, mashine kuu ya mji mkuu, bila kupitia mkono wa mtu. Vitu kumi kila Jumanne: unga, maharage, mafuta, chumvi, sukari, sabuni, mkaa, maji, kiberiti, vidonge vya homa. Jumla yake ikivuka elfu kumi na mbili kwa Jumanne tatu mfululizo, Ghala la taifa lilifunguka lenyewe na kuleta chakula. Isipovuka, hata rais angelala mlangoni, Ghala lisingefunguka. Wananchi ndio walioitaka sheria hiyo baada ya Njaa Kuu, wakati wakubwa walipouza unga wa msaada huku watoto wanazikwa. Walisema hawataki tena mkono wa mtu kwenye ufunguo, na nani angewalaumu?

Sihaba alimaliza mzunguko wake, akatazama mpini wa kapu. Elfu saba mia tatu na hamsini. Na chini yake, kwa maandishi ya kijani: *Kwamtindi, salama.*

Salama! Alikuwa amepita kwenye zahanati asubuhi ile, ameona foleni imezunguka jengo mara mbili. Nywele za watoto zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu. Lakini unga ulikuwa mia nne, ulikuwa mia nne tangu siku alipofika, na mdadisi wa bei haamui kwa macho yake. Kazi yake ni kununua.

Kivuli kikapita juu ya soko, kisha kingine. Watu wote wakainua vichwa. Yalikuwa mabawa ya Ghala, meupe, mapana, hayana rubani wala kelele, yamejaa magunia tumboni. Hayakushuka. Yalikwenda moja kwa moja Lusonge, kama yalivyokwenda wiki iliyopita na wiki ile nyingine.

"Lusonge wametuzidi nini?" mwanamke mmoja akauliza. "Hata njaa sasa ina upendeleo?"

"Muulizeni huyo mhesabuji wa serikali," mwanamume wa mkaa akasema.

Wakamtazama Sihaba. Naye hakuruhusiwa kuwaeleza, kwa sababu mdadisi akimweleza muuzaji kapu linafanya kazi gani, mji unafungiwa mwaka mzima. Akainamisha kichwa, akaondoka.

*

Laiti asingesahau kifuniko cha dumu la mafuta. Alikuwa amefika njia panda alipoona mafuta yanamchirizikia mguuni, akarudi sokoni mbio. Alipokaribia meza ya Binuru akasikia mtu analia, akasimama nyuma ya turubai.

Alikuwa Mwanzani, mke wa fundi baiskeli, na mtoto mgongoni.

"Nusu kibaba tu, mama. Jana ulisema elfu."

"Jana ilikuwa jana, mwanangu. Leo kibaba ni elfu na mia mbili. Na mimi nanunua, sichimbi unga uani."

Mwanzani akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, ile ya juu, bado mpya, akaiweka mezani. Binuru akaitazama kwa muda. Akapima nusu kibaba, akakisawazisha kwa kijiti, akampa. Kanga akaitia chini ya meza bila kumtazama usoni. Mtoto wa mgongoni hakugeuka wala hakulia.

Mwanzani alipoondoka, Sihaba akatoka nyuma ya turubai.

"Binuru. Mimi hapa umeniuzia..."

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Sikio lilikuwa linasikia. Neno moja la kupanga bei na muuzaji kabla ya kununua, na Kwamtindi yote ingehesabiwa mji wa matapeli.

Binuru akacheka kwa mshangao. "Hee! Wewe si mtani wangu? Nitakuuziaje bei ya watu?"

Bei ya watu. Sihaba aliokota kifuniko chake, akaondoka bila kuaga, na njiani alikuwa anahesabu kama mwendawazimu. Unga mara tatu. Na chumvi je? Muuza chumvi alikuwa Msolwa. Muuza mkaa Msolwa. Soko zima lilikuwa Wasolwa, na wote humwita mjakazi, na wote humuongezea konzi!

Alikumbuka chumba cha mafunzo mji mkuu, mkuu wa mipango anawaeleza wadadisi kwa nini hakuna atakayepangiwa kwao. Nyumbani mtapendelewa na ndugu, alisema. Tunawapeleka ugenini, mkatozwe bei halisi. Mtu yule alizaliwa ghorofani, hajui mtani ni mdudu gani. Alimwondoa Sihaba kwa ndugu zake akamtupa katikati ya watani wake, watu ambao wangemuuzia bei halisi siku ambayo jua lingechomoza magharibi.

Sheria ilimkataza kununua kitu nje ya kapu au kuuliza wateja wengine bei wanazotozwa, eti bei isije ikapandikizwa kichwani mwake. Basi kwa miezi sita yeye peke yake katika mji ule alikula unga wa mia nne, na kwa sababu yeye alikula, wengine hawakuletewa.

*

Alimpigia Ndugu Mgaya, msimamizi wake wa jimbo, siku iliyofuata. Mgaya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka.

"Ndugu Mgaya, tuseme kuna mdadisi mahali fulani," Sihaba alianza. "Akagundua kwamba wauzaji wanampunguzia kwa sababu wanampenda."

Mgaya akasema polepole, "Tuseme. Huyo mdadisi akiandika barua kukiri, usomaji wake wote unafutwa. Mji unakuwa doa jeupe kwenye ramani. Anapelekwa mtu mwingine, anaanza upya, wiki kumi na mbili ndipo Mizani iukubali mji tena."

"Wiki kumi na mbili!"

"Ndiyo sheria, dada yangu. Sikuitunga mimi."

"Na akilipa zaidi ya alivyoombwa?"

"Sikio linasikia mapatano. Alipe elfu kumi, litaandika alichoombwa."

"Na akijifanya amegombana nao, ili wamtoze?"

Mgaya akashusha pumzi. "Bei ikiruka ghafla, Sikio linapima sauti za pande zote mbili. Mapigo, pumzi, koo. Watu wamejaribu kuigiza, Sihaba. Waigizaji wa redio kabisa walijaribu kule Mtakuja, wakakamatwa kabla hawajamaliza kununua chumvi. Bei inaweza kuruka mara kumi, hilo si tatizo. Ila iwe kweli. Haidanganyiki." Akapunguza sauti. "Huyo mdadisi wako, mwambie pole."

Sihaba akakaa kitandani na kutazama ukuta. Wiki kumi na mbili mtoto wa Mwanzani asingezimaliza. Labda hata nne. Kulikuwa na njia moja iliyobaki: Binuru amtoze bei ya watu kwa kuwa kweli amekuwa mtu kama watu wengine. Na Binuru asiambiwe, kwa kuwa akiambiwa tu, si kweli tena.

Alijua pa kumgusa. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba hakuhitaji kutafuta.

Alikuwa amefika Kwamtindi na mtoto wa miezi minane, Shukuru, wa kiume. Wiki ya nane homa ikamchukua kwa siku mbili. Sihaba hakuwa na ndugu pale, mume alikuwa amekwishafia vitani. Wasolwa ndio waliochimba kaburi, na Binuru ndiye aliyeshuka ndani kumpokea mtoto. Alipopanda akajipangusa udongo, akasema kwa sauti, kama desturi inavyotaka: "Mtimbo huyu mdogo ana akili kuliko mama yake! Kasikia bei ya unga, kaona arudi alikotoka!"

Watu wakacheka. Sihaba naye akacheka, kicheko kilichomtoka kama kikohozi, na baada ya kicheko ndipo machozi yakaja, na Binuru akamshika mabega mpaka yakaisha. Alimshukuru kwa hilo. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba usiku mwingi tangu siku hiyo husikia sentensi ile ile, na haicheki.

Na tazama, habari ya bei kali alidokezwa palepale kaburini. Hakuisikia. Alidhani ni utani.

*

Jumanne ya ishirini na saba.

"Mjakazi wangu huyoo!" Binuru akaita. "Leo mbona umenuna kama umemeza kumbikumbi mzima mzima?"

Sihaba akafika mezani, akaweka kapu chini. Binuru akawageukia wenzake.

"Jamani, Mtimbo kakosa la kusema! Andikeni tarehe!"

Muuza chumvi akacheka. Sihaba alikuwa amejiandaa kwa maneno makali, ameyapanga siku sita, na sasa yote yalikuwa yamemtoroka. Alimtazama yule mwanamke mnene aliyekonda, mwenye unga kwenye nyusi, mtu pekee aliyemjali katika mji ule. Akataka kugeuka arudi nyumbani. Pembeni, Mwanzani alikuwa amekaa chini kivulini, mtoto mapajani, anampepea nzi.

"Ulimcheka mwanangu," Sihaba akasema.

"Nini?"

"Mwanangu. Hata udongo haujakauka, ukasimama juu ya kaburi lake ukamfanyia mzaha wa bei ya unga."

Tabasamu la Binuru likabaki pale lilipokuwa, limesahau kuondoka. "Mtani wangu, si desturi..."

"Usiniite mtani!" Sauti ilimtoka Sihaba mahali asipopajua, ikapasuka katikati. "Mimi si mtani wako! Nilimbeba miezi tisa, nikamnyonyesha kumi, wewe ukamfanya kichekesho! Nasikia hicho kicheko chenu kila nikifumba macho. Kila siku, Binuru! Sikusamehi. Na Mungu ananisikia, sikusamehi."

Mtu akadondosha kopo, likabingirika, hakuna aliyeliokota. Cha ajabu ni kwamba Sihaba hakuwa anafikiria Sikio hata kidogo. Alilikumbuka baadaye, alipojifuta pua kwa ukosi na kulihisi pale.

Binuru aliketi kwenye kigoda chake. Uso ulikuwa umezeeka.

"Kibaba bei gani?" Sihaba aliuliza.

Midomo ya Binuru ilijaribu mara ya kwanza, ikashindwa.

"Elfu na mia mbili," akasema. "Dada."

Akachota kibaba, akakisawazisha kwa kijiti, mfuto kabisa, akamwaga kapuni. Mkono wake haukurudi kwenye gunia.

Zamu ya chumvi, muuza chumvi akatazama kando na kutaja bei. Muuza mkaa hakumtazama kabisa. Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililouma. Kila meza aliitwa dada, mteja, mama, kwa adabu zote. Kapu likawa jepesi na ghali. Alipofika langoni mpini ukawaka mwekundu: elfu kumi na tisa mia nane na hamsini. Kisha ukafikiri. Sihaba alisimama juani, akiomba na hajui anaomba nini hasa, maana sehemu fulani ya moyo wake ilitaka mashine iseme ni uongo.

*Sauti: kweli,* mpini ukaandika. *Usomaji umekubaliwa.*

*

Jumanne ya ishirini na nane ilikuwa elfu ishirini na moja. Njiani watoto walimpisha, mama zao walikuwa wamewaonya. Kisimani wanawake walinyamaza alipofika. Alijaribu mara moja kumsalimia Binuru, "Habari za nyumbani?" naye akajibiwa, "Nzuri, dada, sijui zako," kama anavyojibiwa mpita njia.

Jumanne ya ishirini na tisa meza mbili za soko zilikuwa tupu, wenyewe wamekwenda kuzika. Elfu ishirini na nne. Mpini ulipowaka kwa mara ya tatu Sihaba alikaa chini palepale langoni na kapu mapajani.

Mabawa yalifika Alhamisi saa nne asubuhi. Watu walikuwa wamezoea kuyaona yakipita, kwa hiyo la kwanza lilipoinama na kuanza kushuka kwenye uwanja wa mpira, hakuna aliyesogea. Kisha mtu akapiga kigelegele, na mji mzima ukakimbia, wazee kwa fimbo. Unga, maharage, mafuta, maziwa ya watoto. Kwenye foleni ya maziwa Sihaba alimwona Mwanzani, na yule mtoto alipoonjeshwa kikombe na kunyang'anywa kidogo ili asipaliwe, akalia. Akalia kwa nguvu zake zote, na Mwanzani akaanza kucheka na kulia pamoja naye.

Sihaba hakupanga foleni. Ghala likifunguka, kazi ya mdadisi imekwisha. Ijumaa gari la ofisi lilikuja, mtu akatoa mkasi, akakata uzi, Sikio likadondoka kwenye bahasha. Dereva akamwambia wataondoka baada ya chakula cha mchana.

Sasa hakuna kilichomsikia; akaenda sokoni mbio. Binuru alikuwa peke yake mezani.

Akamweleza yote. Kapu, Sikio, mstari wa elfu kumi na mbili, bei ya mtani, ile Jumanne. Maneno yalikanyagana. "Nisingeweza kukuambia, Binuru. Ungejua, mashine ingejua. Haidanganyiki, imewashinda hata waigizaji. Ilibidi iwe hivyo. Ilikuwa kwa ajili ya mji, unaona? Ilikuwa kwa ajili ya watoto."

Binuru alisikiliza mpaka mwisho huku anakunja na kukunjua mdomo wa gunia.

"Kumbe mimi na mia nne zangu ndio niliowazuilia watu chakula," akasema.

"Hukujua. Na mimi sikujua."

"Sikujua." Akatikisa kichwa. Kisha akainua macho. "Hiyo mashine yenu. Unasema haidanganyiki."

"Haidanganyiki."

"Siku ile uliponisema, ilisemaje?"

Sihaba akahamisha macho kwenye gunia.

"Nakuuliza, mwanangu. Ilisemaje?"

"Ilisema kweli."

Binuru akaitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mtu aliyethibitishiwa habari aliyokwisha kuisikia kwingine.

"Lakini siku ya kaburi nilicheka, Binuru! Nilicheka kweli. Bila wewe ningekufa siku ile. Hiyo nayo ni kweli."

"Najua ulicheka. Nilikuwa nimekushika." Akasimama. "Unasafiri leo?"

"Baada ya chakula."

"Utahitaji unga wa njiani. Kibaba ni mia tano sasa, umeshuka. Bei ya watu."

Sihaba akahesabu mia tano, akaziweka mezani. Binuru akachota, akasawazisha kwa kijiti, akamwaga kwenye mfuko wa karatasi. Halafu mkono wake, kwa mazoea, ukarudi kwenye gunia na kuchota ile konzi ya nyongeza. Ukasimama hewani, unga unachuruzika kati ya vidole. Wote wawili waliutazama. Kisha Binuru akaurudisha unga guniani, akajipangusa kwenye kanga.

"Sikuwahi kuuliza jina lake," akasema. "Yule mtoto. Nilimpokea kwa mikono yangu miwili, nikamwita Mtimbo mdogo tu."

"Shukuru."

"Shukuru," Binuru akarudia, taratibu, bila utani wowote. Akamkabidhi mfuko kwa mikono miwili. "Haya, dada. Safari njema."